Pampu ya vakyumu imekufa kwenye 172 yetu, turudishe saa za mviringo za zamani au twende skrini?

Mkia_wa_Meru (Arusha)

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni ushauri kabla sisi wenyewe hatujagombana. Tuko kikundi cha marafiki tunamiliki Cessna 172 moja ya miaka ya sabini, inalala pale uwanja wa Arusha, tunairusha kwa mambo yetu tu, Manyara, Moshi, mara mojamoja tunavuka Zanzibar kula pweza na kurudi. Ndege haina shida, injini bado ina masaa ya kutosha, ila juzi tukiwa tunarudi kutoka Tanga nikaona saa ya horaizoni (ile ya kuonyesha ndege imelala au iko sawa) inaanza kulala kushoto polepole wakati ndege iko sawa kabisa, kuangalia geji ya vakyumu naona sifuri. Pampu inayovuta hewa kuzungusha saa hizo imekufa. Kulikuwa kweupe, Kilimanjaro tunaiona tangu Same, kwa hiyo nikaiziba ile saa na kipande cha karatasi tukaendelea na stori zetu mpaka nyumbani.

Sasa injinia wetu anasema pampu mpya inapatikana, tatizo ni zile jairo mbili (vyuma vinavyozunguka ndani ya saa), ya horaizoni na ya mwelekeo, zimechoka, ukizima injini unazisikia beringi zinalia mpaka zinasimama, inabidi zipelekwe nje kufanyiwa ovahoo. Tukipiga hesabu ya ovahoo, pampu, usafiri na kodi, mmoja wetu akasema hiyo hela si bora tuongezee tuweke skrini za kisasa tuachane na vakyumu moja kwa moja. Akatuonyesha na video ya ndege ndogo inatua yenyewe abiria akibonyeza kitufe, basi hapo ndo akaharibu, maana mwingine naye kapagawa anataka dashibodi yote ing'olewe. Mzee wetu wa kikundi, ambaye ana lisensi toka mimi niko shule ya msingi, hataki hata kusikia, anasema siku umeme ukikata mtakuwa mmekaa mbele ya tivii iliyozimwa.

Mi niko katikati. Nauliza tu, kwa ndege kama yetu na anga kama letu, hizi skrini za Garmin G5, GI 275, Dynon na wenzake zinatusaidia nini hasa? Umeme ukikata inakuwaje? Na kuna mambo ya kulipia kila mwezi? Karibuni.

---

Fundi_wa_Langata (Nairobi)

Salama sana. Mi ni fundi wa avioniki, vifaa vya elektroniki vya ndege, hapa uwanja wa Wilson, hizi kazi nazifanya kwa ndege za usajili wa Kenya, 5Y, na za kwenu za Tanzania, 5H, pia zikiletwa, so wacha niongee kama fundi, sina duka.

Anza na kuelewa nini kinaendesha nini. Saa ya mwendo, altimita ya kimo na ile ya kupanda na kushuka zinakula hewa tu, moja kutoka pitoti (ule mrija wa bawani unaopokea upepo), zote kutoka kile kitundu cha ubavuni. Ile ya kugeuka ni ya umeme. Horaizoni na mwelekeo ndo zinavutwa na vakyumu. Na hizi pampu kavu ndani kuna visu vya kaboni vinasugua ukuta bila tone la oili, siku vikifika mwisho havikwambii, vinavunjika tu na kazi imeisha. Usikubali mtu akuwekee pampu mpya bila kusafisha mipira na kubadilisha filta, ile unga ya kaboni inabaki ndani ya mipira na inaenda kuua pampu mpya, nimeiona hiyo mara mingi.

Ubaya mwingine ni ule ulioona mwenyewe, jairo haisimami ghafla. Inaendelea kuzunguka ikipoteza kasi, saa inalala kidogokidogo, na kama uko ndani ya wingu utaifuata nayo ukidhani ndege ndo imelala. Wewe ulikuwa kweupe ukaweka karatasi. Usiku au mawinguni watu wamekufa hivyo.

Hizi za elektroniki hazina kitu inazunguka. Ndani ni chipu ndogo za kupima mzunguko na mvuto, jamii ile ile ya chipu inayofanya simu yako ijue umeigeuza, tofauti ni kwamba hii imepimwa na kuidhinishwa kwa kazi ya ndege. G5 ilipata kibali cha kuwekwa kwenye ndege zenye cheti kule Marekani 2016, na hapo ndo mambo yalibadilika kwa wenye ndege za zamani, maana kabla ya hapo skrini ilikuwa ya wenye pesa. Inaingia kwa shimo lile lile la inchi 3 na moja ya nane, hukati dashibodi. Ukiweka mbili, moja ya horaizoni na moja ya mwelekeo, na hakuna kitu ingine inatumia vakyumu, basi pampu, mipira, filta, zote zinatoka. Lakini usitupe saa ya mwendo na altimita! Watu wanashangaa nikiwaambia, mbona G5 inaonyesha mwendo na kimo pia? Inaonyesha ndio, lakini kibali chake kinataka zile za mviringo zibaki palepale.

GI 275 ilikuja 2020, ni ya duara, kutoka mbali unaweza dhani ni saa ya zamani, ina kazi nyingi zaidi na bei yake inajua hiyo. Dynon HDX nayo ilipata kibali cha 172 mwaka 2018, hiyo ni skrini kubwa, hapo sasa unakata dashibodi na unaishi na fundi wiki kadhaa.

Umeme: G5 ina betri yake mgongoni, Garmin wanasema mpaka masaa 4 ikiwa nzima. GI 275 ya horaizoni ni kama saa moja. Altaneta inayozalisha umeme ikifa Tanga utafika Arusha, utakunywa chai, na bado inawaka. Betri hiyo inapimwa kila mwaka, usiruke hiyo kwa sababu joto yenu ya Pwani haipendi betri.

Kulipia: G5 haina ramani ndani, haina cha kulipia kila mwezi. Ukitaka ile picha ya milima ndani ya skrini, hiyo ni GI 275 na kuendelea juu, na hapo kuna data ya kuapdeti. Data ya njia na viwanja inabadilika kila siku 28, dunia nzima ni mzunguko mmoja.

---

Karavani_Saa_Sita (Dar es Salaam)

Fundi amemaliza upande wa vyuma. Mimi narusha Caravan, yenye G1000, zile skrini kubwa za Garmin, na kabla ya hapo nilianzia kwenye saa za mviringo kama wengi wetu, kwa hiyo sina ugomvi na skrini, ni kitu kizuri. Ila kuna jambo watu wanaouza na wanaotengeneza video hawalisemi na linatuhusu sisi wa huku kuliko mtu mwingine yeyote.

Nusu ya raha ya hizi skrini haimo ndani ya skrini. Inatoka chini. Marekani toka tarehe 1 Januari 2020 ndege karibu zote kwenye anga zinazotaka transponda, redio inayoijibu rada, lazima zitangaze zenyewe ziko wapi, ndo hiyo ADS-B, na serikali yao ikajenga minara nchi nzima inayorudisha hali ya hewa, mvua kwenye rada, taarifa za viwanja, bure kabisa, rubani ananunua kipokezi tu anaona yote kwenye iPad. Wana na WAAS, satelaiti inayorekebisha GPS mpaka unashuka na njia ya wima kwenye kiwanja ambacho hakina hata ILS, ile mitambo ya redio ya kumwongoza rubani kutua. Ulaya wana EGNOS yao. Sasa njoo huku. Mnara wa kukurushia picha ya mvua ya Tanga haupo. EGNOS haitufikii. Hizo huduma kwenye skrini yako zitakuwa kurasa tupu, na ndege unazoziona kwenye skrini ni zile tu zinazotangaza, jamaa wa kindege cha Cub anayepaa toka shambani kwake Monduli humuoni. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema skrini inakuonyesha trafiki, jua inakuonyesha baadhi, na ile sehemu ambayo haikuonyeshi ndo inaruka chini, maeneo yenu haswa. Macho nje.

Kinachobaki cha maana kwenu ni vitu vitatu, horaizoni isiyokufa kimyakimya, GPS yenye ramani nzuri, na kama mfuko unaruhusu, otopailoti, mtambo wa kushika usukani. Hapo kwenye otopailoti nakazia. Garmin walitoa GFC 500 mwaka 2017 kwa ndege za saizi yenu, ina kitufe cha bluu kimeandikwa LVL, ukikibonyeza ndege inanyoosha mabawa na kuacha kupanda au kushuka. Kuna utafiti wa zamani wa Chuo Kikuu cha Illinois, 1954, waliwachukua wanafunzi 20 wasio na mafunzo ya mawinguni wakawafunika wasione nje, wote walipoteza ndege, wastani ni sekunde 178. Wastani haufiki dakika tatu. Sasa fikiria mmetoka Zanzibar saa kumi jioni Aprili, Kilimanjaro na Meru zimefungwa, umeingia kwenye wingu bila kukusudia. Mimi ningelipia hicho kitufe kabla ya kulipia picha za milima.

Halafu jambo dogo, msiiache iPad juu ya dashibodi ndege ikiwa juani. Apple wenyewe wanasema ni kifaa cha kutumika mpaka nyuzi 35. Pale eproni ya Dar saa saba mchana ndani ya ndege ni zaidi ya hapo, unarudi unakuta imeandika inajipoza kwanza, na ndo ilikuwa na ramani zako zote.

---

Msukuma_Kansas (Wichita)

Wakuu shikamooni mnaostahili. Nipo Wichita huku, mji ambao Cessna ndo ilizaliwa, na Garmin wenyewe wako Olathe masaa mawili na nusu kwa gari toka hapa, kwa hiyo hizi stori tunazila asubuhi na jioni. Karavani hapo juu kasema kweli tupu, mi nilipokuja likizo na tableti yangu nikajikuta naangalia skrini nyeupe hahaha, nilizoea vya bure.

Nimjibu yule ndugu wa video. Ile inaitwa Autoland. Ilitangazwa 2019, ikapata cheti kwanza kwenye Piper M600 mwaka 2020, ikafuata TBM 940 na Vision Jet ya Cirrus mwaka huohuo, na 2025 Cirrus wakaishusha mpaka kwenye SR za injini ya pistoni. Abiria anabonyeza kitufe, mashine inachagua kiwanja kwa kuangalia urefu wa barabara, upepo, mafuta yaliyobaki na milima, inaongea redioni yenyewe, inaweka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, inatua, inafunga breki, inazima injini. Ni maajabu sikatai. Lakini angalia inahitaji nini, throto inayojiendesha, altimita ya redio ya kupima umbali mpaka chini, breki zenye kompyuta, na kiwanja ambacho njia yake ya kushuka kwa GPS imo kwenye data. 172 yenu ina kebo ya throto unayovuta kwa mkono. Hakuna seti ya vifaa ya kununua ukaifunga hapo, na hata ungekuwa nayo, uulize ni viwanja vingapi vya kwetu vingekuwemo kwenye orodha yake.

Pia kuna kitu kinaitwa MOSAIC mtakisikia, ni sheria mpya ya Marekani ilitangazwa Julai 2025 pale kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh. Kwa kifupi sana, toka Oktoba 22 mwaka huo mtu wa lisensi nyepesi ya michezo anaruhusiwa kurusha ndege kubwa kidogo, kipimo ni mwendo wa kustoli (ule ambao chini yake mabawa hayabebi tena) bila flapu usiozidi noti 59, na 172 inaingia humo. Na toka Julai 2026 viwanda navyo vinaruhusiwa kutengeneza ndege nyepesi kubwa zaidi bila mlolongo ule wa vyeti wa zamani. Hiyo ndo itashusha bei za avioniki polepole, maana vifaa vizuri vya bei ya kawaida vilianzia kwenye ndege za kujitengenezea nyumbani, Dynon walianzia huko, na hata G5 yenyewe ilianzia huko kabla haijapewa kibali cha ndege zenye cheti. Lisensi hiyo ni ya huku huku lakini, usije ukakata tiketi.

Kwa hiyo mi kura yangu G5 mbili na hela iliyobaki GFC 500 mwakani.

---

Binti_Njano5

Naomba niingilie upande mwingine. Mimi nimesoma urubani kwenye G1000 mwanzo mwisho, halafu kazi ya kwanza niliyoipata ni Cessna 206 yenye saa za mviringo. Kila mtu ananiuliza mtu akitoka saa kwenda skrini inakuwaje, hakuna anayeuliza aliyetoka skrini kurudi saa.

Ukweli ni kwamba nilichokosa sicho nilichotegemea. Nilidhani nitakosa ramani. Nilichokosa ni ule mstari mdogo wa zambarau pembeni ya mwendo unaokuonyesha sekunde 6 zijazo mwendo utakuwa wapi, nilikuwa naruka kwa huo mstari bila kujua, nikija kutua naangalia mstari. Kwenye 206 haupo, inabidi uisikie ndege mwenyewe. Ila nikagundua na kitu kingine, sindano unaisoma bila kuisoma. Ukitupa jicho unajua sindano iko saa tatu basi mwendo uko sawa, hujasoma namba hata moja. Kwenye skrini ni utepe unapita na namba, lazima uisome kweli, na siku umechoka kuna msukosuko toka Natron yote inatikisika, unaisoma mara mbili. Kwa hiyo hao wenye kikundi, mnaotoka saa kwenda G5, siku za mwanzo mtajikuta mnaganda macho ndani. Nendeni na mwalimu anayeijua, na awazimie.

Na hilo la kuzima, kwenye G1000 kuna kitufe chekundu kwenye paneli ya sauti, skrini moja ikifa unakibonyeza, vitu muhimu vyote vinahamia ile iliyobaki. Mwalimu wangu alikuwa anafifisha mwanga wa skrini mpaka giza kabisa bila kunitangazia, natafuta kile kitufe kwa vidole. Nilimchukia wakati ule.

---

Mzee_wa_Kikundi

Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu wangu. Mimi ndiye yule mzee wa tivii iliyozimwa. Kijana wangu wa Meru umenisema mbele za watu, tutaonana Jumamosi.

Nimesoma yote na fundi wa Nairobi amenijibu kuhusu betri, hilo nalipokea. Sasa na mimi niulize. Wamarekani wenyewe, ile bodi yao ya kuchunguza ajali, NTSB, Machi 2010 walitoa ripoti. Walichukua ndege ndogo za injini moja za pistoni zaidi ya 8,000, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, wakalinganisha zenye skrini na zenye saa. Zenye skrini zilipata ajali chache kwa jumla, lakini za kuua zikawa nyingi zaidi. Kwa 2006 na 2007, kila masaa laki moja ya kuruka, za skrini 1.03 na za saa 0.43. Ni zaidi ya mara mbili. Mnisaidie basi, hicho kifaa kinachookoa maisha kilikuwa kinafanya nini?

Na pesa. Avgas yenyewe, petroli ya ndege zetu, tunaisaka kwa simu, kuna wiki tunaambiwa iko Wilson tu. Hizo dola mnazotaka kutundika kwenye dashibodi ni masaa mangapi ya kuruka? Rubani anayeruka mara moja kwa mwezi hata mkimwekea dhahabu mbele yake.

---

Karavani_Saa_Sita

Shikamoo mzee. Hiyo ripoti ni ya kweli na namba zako ziko sawa, nafurahi umeileta. Ila soma na sehemu ya matumizi. Ndege za saa kwenye ule utafiti zilikuwa nyingi za shule, safari fupi, zinazunguka kiwanja na mwalimu pembeni. Zenye skrini zilikuwa za watu binafsi, safari ndefu, zinaingia mawinguni zaidi. Sasa mtu wa mawinguni akianguka hafi nusu. Hiyo haiisafishi skrini, bodi wenyewe walisema hawakuona usalama uliotegemewa, na walichopendekeza kilikuwa mafunzo ya kila mfumo peke yake, maana zamani ukijua horaizoni moja umejua zote na skrini haziko hivyo, kila kampuni na vitufe vyake na namna yake ya kufeli.

Angalia Cirrus. Ndege imekuja na parashuti ya ndege nzima, 2002 ikaokoa mtu kwa mara ya kwanza kule Texas, na bado miaka ya mwanzo sifa yake ya vifo ilikuwa mbaya, watu wanakufa na parashuti haijavutwa. Parashuti ilikuwa ileile, kilichokuja kubadilika ni kwamba walianza kuwafundisha watu kuivuta mapema bila kuona aibu, ndo vifo vikashuka. Kwa hiyo mzee kwenye mafunzo tuko pamoja. Ninapotofautiana na wewe ni kwamba ile jairo ya vakyumu nayo si mwalimu wako, ni chuma chakavu kinachosubiri siku ya wingu.

---

Fundi_wa_Langata

Mzee heshima yako. Niongezee moja kwa hiyo ya kila kampuni na namna yake ya kufeli. Pitoti yenu ikizibwa na nyigu, na huku nyigu hawa wa udongo ukiacha ndege usiku mbili bila kifuniko wanajenga, saa ya zamani ya mwendo inakudanganya lakini horaizoni haina habari. Baadhi ya skrini zinatumia mwendo wa pitoti kusaidia kuhesabu horaizoni yenyewe, Dynon kwa mfano inafanya hivyo, ikikosa mwendo inahamia GPS. Kwa hivyo kabla ya kununua yoyote uliza hiyo swali, pitoti ikizibwa horaizoni inakuwaje, GPS ikipotea inakuwaje. Marubani wanaopita mashariki ya Mediterania siku hizi wanaambiwa na skrini wako mahali hawako, GPS inachafuliwa kule. Nunueni kifuniko cha pitoti chenye utepe mwekundu mrefu, hicho ni bei ya soda.

Na kwa watakaoweka, kitu inasumbua zaidi kwa 172 za zamani ni ile kifaa ya kupima sumaku ya G5 ya mwelekeo, inakaa ndani ya bawa. Skrubu ya chuma ya kawaida karibu yake, shida. Waya wa taa za bawa umepita karibu, shida. Mi hujaribu hivi, ndege iko nje mbali na hanga, injini inawaka, naangalia namba ya mwelekeo, nawasha taa moja moja, nawasha hita ya pitoti, natingisha eleroni mpaka mwisho huku na huku. Namba ikiruka hata digrii chache, narudi ndani ya bawa. Kuna ndege ililetwa hapa imefungwa mahali sitataja, ukiwasha straubu, zile taa za kumeta, mwelekeo unapiga ngoma. Mwenyewe alikuwa anaruka nayo hivyo, anadhani ndo kawaida ya elektroniki.

---

Mkia_wa_Meru

Nawashukuru sana wakuu wote, na mzee wangu nisamehe, Jumamosi chai ni juu yangu.

Tumekaa jana. Autoland imezikwa rasmi, jamaa ameelewa. Dashibodi haing'olewi. Tumekubaliana G5 mbili, vakyumu yote itoke, saa ya mwendo na altimita zibaki kama fundi alivyosema. Mzee amekubali kwa masharti mawili, kwamba dira ya maji pale juu haiguswi, na kwamba hakuna mtu anaruka nayo na abiria kabla hajakaa na mwalimu akazimiwa skrini zote mbili, kama alivyofanyiwa dada wa Njano5. Na yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza, kasema anataka kuona ile betri ya masaa 4 kwa macho yake, ataikalia kwenye hanga na saa ya mkono. Otopailoti tutaiongea tukishajua avgas itakuwa shilingi ngapi.

Swali la mwisho kwa fundi, makaratasi yakoje kwa ndege ya 5H? Kibali ni cha Marekani, sisi tuko chini ya TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania.

---

Fundi_wa_Langata

Kibali cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ni mwanzo, sio mwisho. TCAA lazima waikubali hiyo kazi kwa ndege yenu, kwa hivyo injinia wenu aandike kwao kabla sijafungua hata skrubu moja, sio baada. Mtahitaji kile kijitabu cha nyongeza kikae ndani ya ndege pamoja na kitabu chake, na karatasi ya uzito ifanywe upya. Pampu na mipira ikitoka mtapunguza kilo kadhaa mbele, na kwa kiwanja cha futi zaidi ya 4,500 kama Arusha saa nane mchana hizo kilo mtazipenda. Lakini kituo cha uzito kinasogea pia, so msikubali mtu awaambie ni kidogo hakuna haja ya kupima. Nitumie namba ya modeli na mwaka wa ndege kwa inbox, kuna 172 zingine zina otopailoti ya zamani ambayo inachukua mwelekeo kutoka ile jairo ya vakyumu, kama yenu ni hiyo tunaongea tena kabla hamjalipa mtu.

---

Mkia_wa_Meru

Ina otopailoti ya zamani ndio, haijawahi kufanya kazi toka tuinunue. Nakuja inbox.